Bunduki Hazikumwokoa Mfalme



Mfalme James wa Pili wa Uingereza alipotawazwa mwaka 1685, alirithi jeshi la askari wapatao 9,000. Kufikia mwaka 1688 alikuwa amelikuza zaidi ya maradufu, na kila kiangazi alilipigisha kambi Hounslow, karibu na London, ili raia walione na kulihofu. Tena, kinyume cha sheria, aliwapa vyeo Wakatoliki wenzake, hali askari wengi walikuwa Waprotestanti.

Tarehe 5 Novemba 1688, mkwewe, William wa Orange, aliteremka Torbay na askari wapatao 15,000 kutoka Uholanzi. Jeshi la James lilimzidi kwa idadi. Hata hivyo, huko Salisbury, kabla ya vita vyovyote vikubwa, kamanda wake John Churchill alihamia kwa William. Mfalme alirudi nyuma. Desemba akakimbilia Ufaransa.

Mwaka 1689 Bunge lilipiga marufuku jeshi la kudumu wakati wa amani bila idhini yake. Lilikuwa limejifunza.

Ndugu zangu, mshahara hununua mkono wa askari, haununui moyo wake. Aliyejenga jeshi ili awatishe watu wake, siku ya hatari alijikuta hana watu wala jeshi.