Barua za Chama Zisipotee: Namna ya Kuzichukua na Kuzihifadhi Kwenye Seva

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Katibu ndiye mtunza kumbukumbu za chama. Kitabu cha mihutasari, rejesta ya wanachama, stakabadhi na majalada ya barua vyote vimewekwa mikononi mwake kwa niaba ya wenye mali, yaani wanachama. Siku hizi barua nyingi haziji tena katika bahasha. Taarifa ya bei, mwito wa mkutano, hoja za mkaguzi na mkataba wa mnunuzi huja kwa barua pepe. Hizo nazo ni mali ya chama, na hapana budi zitunzwe kama mali nyingine.

Kwanza yafaa ieleweke barua hizo hukaa wapi. Barua pepe haiendi moja kwa moja hadi kwenye kompyuta ya katibu. Hufika kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo huipokea na kuiweka katika kisanduku cha chama, kama posta inavyoweka barua katika sanduku lenye namba. Humo hungoja mwenyewe aje. Namna mbili za kuichukua zimeenea, na asiyejua tofauti yake huweza kukitia chama hasarani.

Namna ya kwanza huitwa POP. Ilianza mwaka 1984, na toleo lake la tatu, linalotumika hadi leo, lilitolewa mwaka 1988. Kwa namna hii programu ya barua huenda kwenye seva, huchukua barua zote mpya, huzileta katika kompyuta, na kwa desturi huzifuta kule zilikotoka. Ni sawa na tarishi anayefungua sanduku la posta na kuondoka na kila kilichomo. Faida yake ni kwamba seva haijai, na barua husomeka hata mtandao ukikatika. Hasara yake ni kwamba nakala hubaki moja tu, katika mashine moja. Katibu akichukua barua saa 2 asubuhi, Mwenyekiti akifungua kisanduku kwa simu yake saa 6 mchana atakikuta kitupu. Kompyuta ile ikiungua au ikiibwa, barua zimekwenda nayo. Tena POP huchukua barua zinazoingia tu. Zile zilizotumwa na chama hubaki katika mashine iliyozituma, nazo ndizo ushahidi mkaguzi anapouliza kama chama kilijibu.

Namna ya pili huitwa IMAP. Ilibuniwa mwaka 1986 na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hapa barua hubaki kwenye seva pamoja na majalada yake, na kompyuta au simu huja kuzisoma palepale. Katibu, Mwenyekiti na Mhasibu, wakiruhusiwa, huona jalada lile lile; iliyosomwa na mmoja huonekana kwa wote kuwa imesomwa. Lakini kuna jambo la kuangaliwa: iliyofutwa na mmoja imefutwa kwa wote. Kwa hiyo barua kuwapo kwenye seva peke yake si akiba.

Kisanduku cha seva kina kipimo chake, kama ghala. Kikijaa, barua mpya haiingii. Seva nyingine huikataa papo hapo. Nyingine huiahirisha, na seva ya mtumaji ikaendelea kujaribu, kwa kawaida kwa siku 4 au 5, kisha ikaacha. Mnunuzi aliyetaka jibu kabla ya Ijumaa hatasubiri chama kifagie ghala lake. Kinachojaza zaidi si maneno bali viambatisho. Picha au hati, ili isafiri ndani ya barua pepe, hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka kwa theluthi moja: hati ya megabaiti 3 huwa megabaiti 4. Tena barua iliyotupwa kwenye jalada la taka huendelea kuhesabiwa hadi jalada hilo litakaposafishwa.

Kutokana na hayo, kila chama chafaa kifuate mambo haya:

1. Anwani iwe ya chama, si ya katibu binafsi. Katibu akiondoka, akabidhi neno la siri kama anavyokabidhi funguo, na Bodi ilibadilishe siku hiyo hiyo.

2. Panapokuwa na wasomaji zaidi ya mmoja, IMAP itumike. Chama kinacholazimika kutumia POP kiiagize programu iache nakala kwenye seva kwa muda uliowekwa, kwa mfano siku 30.

3. Barua zipangwe katika majalada kwa mwaka na kwa shughuli: mauzo, pembejeo, ukaguzi, mikutano.

4. Kila mwisho wa mwezi, barua zote, zilizoingia na zilizotumwa, zinakiliwe kwenye diski ya nje na kufungiwa pamoja na vitabu vya fedha. Nakala ifunguliwe kwanza ili kuhakikisha kwamba inasomeka. Baada ya hapo tu ndipo barua za zamani ziondolewe kwenye seva.

5. Barua za mikataba na za bei zichapwe na kuwekwa jaladani.

Wanachama nao wasidhani kwamba jambo hili ni la katibu peke yake. Katika mkutano mkuu wanayo haki ya kuuliza: barua za chama ziko wapi, nani anaweza kuzifungua, na nakala ya mwisho ilichukuliwa lini? Chama kisichoweza kuonyesha barua ya makubaliano ya bei hakina cha kushika mnunuzi anapoyakana, na anayepungukiwa siku ya malipo ni mkulima.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo limo pia ndani ya seva.