KUNUNUA LENZI YA KAMERA

Kwa somo la leo hamtahitaji chaki. Mtahitaji gazeti kuukuu, gundi kidogo, na ukuta ulionyooka. Sababu yake mtaiona mbele.

Mtu akienda kununua mahindi hapa Tunduma, hatazami juu ya gunia tu. Huchukua bambo, yaani kile chuma chenye mfereji, akalichoma gunia katikati na chini, akatoa punje na kuziuma. Zikivunjika kwa mlio, mahindi ni makavu. Zikibonyea, anaacha. Wala hakuna anayemwita mtu huyo mwenye mashaka. Ndiyo biashara.

Lakini mtu huyo huyo akienda kununua chombo cha ufundi, mara huona haya. Anaona boksi zuri, anaona jina la kiwanda cha Japani, basi anatoa fedha. Atamwumaje lenzi?

Lenzi ni kile kioo cha mbele ya kamera kinachokusanya mwanga na kuchora picha. Katika mkoa wetu wa Songwe wako vijana wengi, wanaume na wanawake, wanaokula kwa kamera: harusi, kipaimara, mahafali, picha ndogo za vitambulisho. Lenzi nzuri mpya yaweza kufika shilingi milioni kadhaa. Kwa mpiga picha wa Mlowo hizo ni harusi nyingi, na pengine ni fedha za kahawa ya baba yake. Akiletewa lenzi mbovu, hasara si ya lenzi peke yake. Bibi arusi havai shela mara ya pili ili apigwe picha upya.

Je, kiwanda kikubwa chaweza kutoa lenzi mbovu? Chaweza. Tazameni jinsi inavyotengenezwa. Ndani ya lenzi moja hamna kioo kimoja. Mara nyingi mna vioo kumi, kumi na vitano, hata zaidi. Kila kimoja hupigwa msasa mpaka kipate umbo lake, kisha hupangwa katika mstari mmoja kama shanga katika uzi. Kioo kimoja kikikaa upande kidogo tu, kuliko unene wa unywele, upande mmoja wa picha huanza kufifia. Kiwanda hujiwekea mpaka: kosa likiwa dogo kuliko kiasi fulani, lenzi hupita. Kwa hiyo lenzi mbili za aina moja, bei moja, hazilingani kabisa, kama vile mapacha wasivyolingana kabisa.

Nitawapa mfano mkubwa. Mwaka 1990 Wamarekani walirusha angani darubini iitwayo Hubble. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 2.4, na kilisuguliwa kwa uangalifu usio wa kawaida. Picha za kwanza zilipofika, nyota zilionekana zina ukungu. Kumbe kioo kilikuwa laini sana, lakini umbo lake halikuwa sawa: ukingoni kilikuwa kimezidi kuwa bapa kwa kiasi cha kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Kosa lilitoka wapi? Lilitoka katika chombo cha kupimia. Sehemu yake moja ilikuwa imekaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Na vipimo vingine, visivyo bora kama hicho, vilionyesha kwamba kuna kosa, lakini wakubwa wa kazi hawakuvisadiki. Ilibidi wanaanga waende kurekebisha mwezi Desemba 1993. Mnaona? Gazeti lenu la ukutani ni kipimo hafifu, lakini msilidharau.

Basi tuanze. Dukani, kwanza iombe lenzi mkononi. Iangaze kwa tochi ya simu, tochi upande mmoja na jicho upande wa pili. Chembe mbili tatu za vumbi si neno. Hata lenzi mpya huwa nazo. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Huota mahali penye unyevu, na katika milima ya Ileje na Mbozi wakati wa masika haihitaji kukaribishwa. Lenzi yenye kuvu iache, hata kama muuzaji anasema itafutika. Tazama pia skurubu: kama vichwa vyake vimechunika, mtu ameshaifungua. Sifungi mlango wa mafundi, wako mafundi wema, lakini bei ya mpya hailipwi kwa kitu kilichofunguliwa.

Sasa gazeti. Bandika kurasa tano ukutani, nne kwenye pembe na moja katikati. Weka kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, ielekee ukuta sawasawa, na kurasa zile za pembeni zifike kwenye pembe za picha. Tumia saa ya kamera ili kidole kisiitikise. Piga picha moja ukiwa umelifungua tundu la lenzi lote, na nyingine ukiwa umelipunguza mpaka namba 8. Kisha kuza picha na usome. Ndiyo, usome! Mwanafunzi wa darasa hili anaweza kazi hii kuliko fundi asiyejua herufi. Soma maandishi ya katikati, halafu ya kila pembe.

Utaona kwamba tundu likiwa wazi, pembe zote hufifia kidogo kuliko katikati. Hilo si kosa. Ndiyo tabia ya lenzi karibu zote. Kosa ni hili: pembe ya kushoto yasomeka, na ile ya kulia haisomeki. Lakini usikimbilie kumlaumu muuzaji. Huenda kamera yako haikuukabili ukuta sawasawa. Utajuaje? Igeuze kamera juu chini pale pale, upige tena. Kama gazeti la kulia bado ndilo lisilosomeka, kamera ilikaa upande, panga upya. Kama ubovu umehamia kwenye gazeti la kushoto, basi ubovu unasafiri na chombo. Rudia kwa lenzi nyingine unayoiamini, na ukiona hiyo haina shida, umeshajua mgonjwa ni nani.

Baada ya hapo piga picha kumi za kitu kimoja, ukiiacha kamera ijilenge yenyewe kila mara. Nane zikiwa kali na mbili zikiwa na ukungu, uliza tena. Kwenye harusi hizo mbili zaweza kuwa ndizo za pete.

Wako pia watu wenye ugonjwa wa upande wa pili. Amenunua lenzi, ameipima, ni nzima. Kesho anaipima tena. Keshokutwa anaikuza picha mara kumi akitafuta kasoro pembeni, mahali ambapo kwenye picha ya harusi pana pazia. Anabadilisha lenzi tatu, wateja wanangoja. Mimi nasema: chapa picha kwa ukubwa ule unaouza. Kama mteja mwenye macho mazima haoni kosa, nenda kazini.

Jambo la sheria nitalisema kwa ufupi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi nafasi ya kukagua kitu kabla ya kukipokea. Lakini inao upande mwingine ambao watu hawaujui: ukishakikagua, si rahisi kudai juu ya kasoro ambayo jicho la kawaida lingeiona. Kwa hiyo ukaguzi wa kutazama boksi tu ni mbaya kuliko mnavyofikiri. Chukua risiti, hakikisha namba ya lenzi imeandikwa humo, na muuzaji aandike ni siku ngapi unaruhusiwa kuirudisha. Anayekuletea mzigo kutoka ng'ambo ya Nakonde bila risiti anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, ila lenzi ikiwa mbovu utamtafuta wapi? Upunguzo wa bei anaokupa ndiyo malipo yako ya kubeba hatari hiyo. Hesabu kama yanatosha.

Zoezi la juma hili. Darasa likiwa na mtu mwenye kamera, au hata simu yenye kamera, bandikeni gazeti kama nilivyoeleza na mpige picha. Kila mwanafunzi asome mstari mmoja kutoka kila pembe, kisha aandike katika daftari pembe ipi ilimshinda. Mwalimu aigeuze simu juu chini, mwanafunzi aandike tena. Majibu mawili hayo myalete mezani juma lijalo, tutakapozungumza juu ya kusoma risiti na hati ya dhamana.