Usalama wa Chombo Huanza Nchi Kavu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanachama katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari ya Jiografia inayokusudiwa, yaani kulala Mloka na kesho yake kushinda ndani ya boti katika mto Rufiji, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watakaosafiri ni wanafunzi 36 na wakubwa 4. Naiunga mkono safari hii kwa moyo wote. Mtu aliyeuona Rufiji hahitaji tena kukaririshwa maana ya mkondo, fungu la mchanga au kingo zinazomomonyoka. Lakini mto hautoi mtihani wa marudio, kwa hiyo hapana budi tujiandae.

Jambo la kwanza ni hesabu. Wengi wanadhani hatari ya majini ni mamba na kiboko. Wanyama hao wapo, nami nitawataja. Lakini misiba yetu mikubwa haikuletwa na mamba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na waliokufa walizidi 220. Hayo yalitokea ziwani, lakini sheria ya uzito ni ile ile mtoni. Chombo kilichojaa mno huzama chini zaidi, ukingo wake hukaribia maji, na watu wakiegemea upande mmoja hakina nguvu ya kujiinua.

Sasa tufanye hesabu yetu. Boti tulizoonyeshwa zina kibali cha watu 12. Ukitoa nahodha na msaidizi wake, wanabaki 10. Sisi tu 40, basi ni boti 4, kila moja na wanafunzi 9 na mkubwa 1. Nimesikia ikisemwa kwamba tukibanana boti 3 zitatosha, na fedha itakayobaki inunue chakula. Ndugu zangu, hapo kila boti itachukua watu 15 au 16. Nasema wazi mbele ya kamati: hapana.

Jambo la pili ni orodha. Msiba wa MV Bukoba ulituachia fundisho chungu, kwani orodha ya abiria haikuwa kamili, na hadi leo hesabu ya waliokufa haina uhakika. Majina yetu yaandikwe boti kwa boti, nakala mbili. Moja aichukue kiongozi. Ya pili abaki nayo mwalimu atakayekuwa nchi kavu, pamoja na saa ya kurudi na namba za simu za manahodha. Saa hiyo ikipita, asikae kungoja, aanze kuulizia. Watu wahesabiwe wakipanda, wakishuka, na kila mnaposimama njiani.

Tatu, koti la kuokolea. Kila mtu avae la kimo chake kabla ya kukanyaga boti, afunge mikanda yote, kisha ainue mikono na mwenzake alivute mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, abadilishiwe. Koti lililogeuzwa mto wa kukalia halimwokoi mtu. Na ninyi mnaojisifu kwa kuogelea, mvae kama wengine, maana aliyegonga kichwa haogelei.

Nne, mto wenyewe. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, maji hupungua na mafungu ya mchanga hujitokeza. Masika mto hufurika, kama watu wa Rufiji walivyoshuhudia Aprili 2024. Tena siku hizi kuna bwawa la umeme kule juu, na maji yanayofunguliwa huko hufika huku chini. Kwa hiyo wiki ile ile ya safari tuwaulize askari wa hifadhi na manahodha hali ya maji, tusitegemee habari za mwaka jana.

Kiboko hushinda majini mchana na kulisha nchi kavu usiku. Akishtushwa hukimbilia kwenye kina, basi boti isikae kati yake na kina. Nahodha anajua hayo. Kazi yenu ni kunyamaza na kukaa. Mkono usining'inizwe nje, wala mtu asisimame kupiga picha. Mkifika, kaeni mpaka boti ifungwe kamba; kumbukeni kwamba MV Nyerere ilibakiza hatua chache kufika. Ikitokea boti ikapinduka, ishikeni, na mkiweza pandeni juu yake. Huonekana upesi kuliko kichwa cha mtu.

Mengine mnayajua: kofia, maji ya kunywa ya kutosha, dawa za huduma ya kwanza, na kutochezea maji ya kingoni kwa ajili ya kichocho na mamba.

La mwisho ni gumu kuliko yote. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndani ya boti neno la nahodha ndilo neno. Lakini kabla ya kupanda, kiongozi wetu awe na ruhusa kamili ya kusema, "Leo hatupandi." Makoti yakipungua, injini ikisumbua, wingu likifunga, aseme hivyo hata kama fedha imekwisha lipwa na vijana wamenuna. Asije akalaumiwa na shule, wala na wazazi, wala na sisi. Naomba mkutano huu uliandike hilo katika kumbukumbu zake.

Na boti ya nne, ndugu zangu tuliotangulia, tuilipie sisi. Mchango wangu nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina asubuhi ya leo, na daftari lake liko pale mezani.