Kurasa 6 Nilizosaini
Maneno yaliyosemwa kwenye harambee ya mfuko wa elimu



Nimeombwa niseme juu ya Kiingereza na watoto wetu. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana wengi wenu mnaijua nusu tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikusanya tangawizi tani 10 kwa wakulima wa huku milimani, nikamuuzia mnunuzi wa ng'ambo. Mkataba ulikuwa kurasa 6 za Kiingereza. Nilisoma bei, nikasoma tarehe, nikasaini. Kando ya bei paliandikwa FOB. Nikadhani ni jina la meli! Kumbe maana yake ni kwamba gharama zote mpaka mzigo upakiwe melini ni za muuzaji. Lori kutoka Same, wakala wa forodha, ada za bandari, vyote vikaniangukia mimi. Nilipolalamika nikaonyeshwa kifungu cha mwisho: mgogoro wowote utaamuliwa na wasuluhishi London. Wakili akaniambia kesi hiyo ingemeza tangawizi yote na nyumba juu yake. Wakulima niliwalipa baada ya miezi 8. Mmoja wao yumo humu ukumbini, na bado ananisalimia, Mungu ambariki.

Si kwamba sikujua Kiingereza. Nilikuwa nacho cha salamu na cha mtihani. Cha mkataba ni kingine. Humo "shall" ni lazima na "may" ni hiari, na mtu huweza kupoteza mali yake katikati ya maneno hayo mawili.

Najua kuna atakayeuliza: si tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu? Ni kweli, na nilifurahi. Lakini mnunuzi wa Hamburg au Dubai haleti mkataba wa Kiswahili.

Wakumbukeni jirani zetu Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akasema kwa Kiswahili. Aliyemfasiria ni wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia ilisikia. Kirilo hakuonea haya lugha yake. Alikuwa na mtu anayemwamini wa kuivusha. Mimi, na kurasa zangu 6, sikuwa na mtoto hata mmoja wa kwetu wa kumpigia simu.

Chasu kibaki jikoni na shambani, wala sitaki mtoto acheke Kiswahili. Ila huyo huyo anamaliza msingi kwa Kiswahili, likizo inapita, anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila kitabu ni Kiingereza, halafu tunamwita mzito. Sisi wenyewe tumempa nini?

Kamati inaomba kamusi, vitabu vya hadithi vya kuazima, na posho ya mwalimu wa jioni atakayefundisha hata kusoma barua za biashara na mikataba. Naanza mimi: kamusi 40, na posho ya mwalimu kwa muhula mmoja. Fomu za ahadi ziko kwa mhazini, meza ya kushoto mlangoni.