Lori Linalokataa Kuwaka Baada ya Injini Kufungwa Upya
Mada kwa semina ya mafundi, madereva na wenye magari, Boga, mashariki mwa Kongo



Waandaaji wameniomba nianze na maelezo ya msingi. Nitayapitia upesi, maana hakuna aliyeketi hapa asiyeyajua. Injini ya dizeli haina plagi: hewa hugandamizwa hadi ipate joto la kuwasha mazutu. Rudolf Diesel aliionyesha ikifanya kazi kule Augsburg mwaka 1897, na pampu ambazo Bosch ilianza kuzitoa kiwandani mwaka 1927 zikaifanya ifae zaidi malori. Injini iliyofungwa upya ikikataa kuwaka, basi mazutu hayafiki, au hewa haigandamizwi vya kutosha, au mazutu yanafika wakati usio wake.

Ukipiga stata na moshi usitoke kabisa, mazutu hayafiki. Toa upepo kuanzia filta hadi kwenye nozeli, na hakikisha wenzo wa kuzimia haukubaki umefunga. Betri dhaifu nayo haiwezi kuzungusha kwa kasi injini iliyobana kwa beringi mpya, hivyo joto halipatikani. Hayo mnayamaliza wenyewe kila siku.

Tatizo la tatu, la wakati wa mazutu, ndilo nililopambana nalo miaka mingi, na bado naletewa malori yenye ugonjwa uleule. Tuchukue Mercedes-Benz yenye injini ya OM352, lita 5.675, silinda sita. Kranki huzunguka mara mbili pampu inapozunguka mara moja. Kwa hiyo alama ya kwenye puli hukutana na mshale mara mbili: mara moja silinda ya kwanza ikigandamiza hewa, na mara nyingine ikimaliza kutoa moshi. Fundi anaona alama imekaa sawa, anafunga pampu, anaondoka akiwa na amani. Kumbe ameifunga kwenye mzunguko usio wake. Stata inazunguka vizuri, moshi mweupe unatoka, injini haishiki.

Madhara hayaishii hapo. Kila stata inapopigwa, mazutu yasiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi mpya zinashindwa kuziba, na mgandamizo unashuka. Ndipo fundi anapima mgandamizo, anaukuta mdogo, anatangaza kwamba ringi ni bandia. Silinda hedi inafunguliwa tena, gasketi mpya inaharibika, mwenye gari anatumwa kutafuta vipuri vingine Bunia au Kampala, na pampu inarudishwa vilevile ilivyokuwa! Simlaumu fundi yeyote hapa, wala siisemi garaji yoyote. Lakini inauma kuona akiba ya familia ikiteketea kwa jambo ambalo spana mbili na subira vingeligundua.

Uchunguzi wenyewe ni huu. Fungua kifuniko cha valvu, zungusha injini kwa mkono, tazama silinda ya sita. Alama inapofika kwenye mshale na valvu zote mbili za silinda ya sita zikawa zinapokezana, moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufungua, silinda ya kwanza iko kwenye mgandamizo. Zikiwa zinapokezana za silinda ya kwanza, zungusha kranki mzunguko mmoja zaidi. Kisha legeza bomba la kwanza kwenye pampu na uone mazutu yanaanza kupanda kwenye digrii zilizoandikwa katika kitabu cha injini hiyo. Mabomba mengine yafuate 1-5-3-6-2-4.

Napendekeza, kwa heshima ya wote wanaohusika, kwamba pampu isishushwe kabla alama hazijapigwa na kuandikwa kwenye daftari la garaji. Silinda ya sita itazamwe kabla stata haijapigwa hata mara moja. Lori lisivutwe na lori jingine ili liwashwe kabla ya uchunguzi huo, wala dawa ya kupuliza ya kuwashia injini isitumike, kwani inaweza kuvunja ringi. Ikiwa stata imekwisha kupigwa sana, oili ibadilishwe, kwa sababu imechanganyika na mazutu. Silinda hedi isifunguliwe mara ya pili kabla taimingi haijathibitishwa na fundi mwingine, asiyekuwa yule aliyefunga. Narudia la daftari: alama ziandikwe. Vijana wanaojifunza kazi wafundishwe kuzungusha injini kwa mkono kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Kwa wenye magari: msimharakishe fundi kwa sababu mzigo wa kakao umekwisha kupakiwa. Hali ya usalama ina wasemaji wake, nami si mmoja wao, lakini kila mtu hapa anakumbuka mauaji ya Mei 2021, na anajua maana ya lori kulala njiani kati ya Boga na Bunia. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya injini kuzimwa ikiwa moto, ikapoa usiku kucha, na asubuhi ikawaka bila kusukumwa, daftari likiwa wazi mbele ya dereva.