Tulinde vyombo vyetu mbele mvua ianze

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanamemba, Uvira)

Sitachukua muda mrefu, najua wengine munarudi shambani.

Wakati tulitoka kambini Tanzania, kila mutu alibeba kidogo: mashini ya kushona, kinga, sola, simu. Kwa wengine hivyo ni vitu vya nyumba tu. Kwetu ndiyo kazi, ndiyo chakula. Kikipotea, unaanza tena ku zero.

Mwezi wa ine 2020 Mulongwe ilijaa, nyumba nyingi za Uvira zikabomoka. Mimi nilikuwa kwenye kazi ya kuandika walioathirika. Mama mumoja akaniambia: «Mwanangu, mashini yangu imeenda na maji.» Nikamuuliza aina gani, namba gani, risiti iko wapi. Hakukuwa na kitu. Nikaandika tu «vyombo vya nyumba». Akapewa sufuria na blanketi kama wengine. Mashini haikurudi. Mpaka leo ule mustari niliouandika unanisumbua.

Kwa hiyo naomba mambo matatu mbele mvua ya mwezi wa kenda.

Kwanza, orodha. Andika chombo, namba iliyopigwa kwenye chuma, bei na mwaka. Piga picha. Kopi moja ibaki kwa sekretere wa muso, nyingine kwa ndugu anayeishi mahali pengine. Karatasi ikilala pamoja na mashini, vyote vinaenda siku moja.

Pili, sanduku nyekundu. Ile ya kijani ni ya akiba na mukopo. Nyekundu ni ya kusaidiana, mchango wake haurudi. Kwetu leo inasaidia kilio na ugonjwa tu. Naomba tupige kura iingize chombo cha kazi kilichoungua ao kilichoibiwa. Tukiwa 40, kila mutu 500 franga kwa juma, ni 20 000. Juma 12 ni 240 000. Tuandike pia kiasi ambacho mutu hawezi kupita, ili mumoja asimalize sanduku.

Tatu, tuseme ukweli: mafuriko inapiga wote siku moja. Hapo sanduku yetu haiwezi. Asiransi ya kampuni inaweza, kwa sababu inakusanya franga za watu wa mahali mbalimbali. Tangu sheria ya 2015, SONAS haiko tena peke yake. Kampuni zingine zinaruhusiwa, chini ya uangalizi wa ARCA. Twende kuuliza kama kundi, mbele ya kusaini: mafuriko iko ndani? Wizi? Vita? Kama jibu haliko kwenye karatasi, uhesabu ni hapana.

Wafadhili munaotusoma: munapotupatia mashini, mutupatie na risiti yenye jina la mwenyewe. Ni karatasi ndogo, lakini yule mama ndiyo aliikosa.

Kura ni juma ijayo. Mukuje wote.