Nani Amefungua Mlango wa Ruta Yako?

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wenye maduka, wenye nyumba na mafundi wa kamera



Mimi si injinia. Nilisomea uandishi wa habari, na haya nitakayosema niliyajua kwa njia isiyopendeza. Nilimwekea mama kamera nyumbani, ili nikiwa kazini nijue ameamka salama na ng'ombe wamerudi zizini. Fundi alifanya kazi nusu siku, akanionyesha picha kwenye simu, nikamlipa nikafurahi. Wiki kadhaa baadaye, mwenzangu anayejua mambo ya mitandao aliniomba anwani ya laini ile. Aliiandika kwenye kompyuta ya ofisini, ukurasa wa kuingilia kamera ukafunguka. Akajaribu jina admin na nywila 12345. Sebule ya mama ikatokea, naye ameketi akikata sukuma.

Huyo alikuwa na ruhusa yangu. Ni nani mwingine aliyepita kabla yake, sitajua kamwe.

Fundi alikuwa amefanya nini? Tuanze na ruta yenyewe. Ukiunganishiwa faiba, kwa kawaida nyumba nzima huonekana nje kwa anwani moja. Ndani, ruta hugawia kila kifaa anwani yake, mara nyingi inayoanza na 192.168. Simu yako ikiomba ukurasa, ruta hukumbuka aliyeomba na kumletea jibu. Ujumbe ukija kutoka nje bila kuombwa, ruta iliyopangwa vizuri huutupa. Kinga hiyo wengi wetu tunayo bila kujua.

Sasa, kila anwani ina poti, yaani milango yenye nambari, hadi 65535. Kuelekeza poti ni kuiambia ruta: anayebisha mlango fulani, mpeleke moja kwa moja kwa kamera. Ruta haimuulizi mgeni jina. Mlango uliofunguliwa kwa ajili yako uko wazi kwa dunia nzima, na kinachobaki kumzuia mtu ni nywila ya kamera. Yangu ilikuwa 12345.

Kuna wanaosema, "Nani atajishughulisha na kibanda changu?" Hakuna anayekutafuta kwa jina. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, ambayo kwa kompyuta moja inaweza kubisha poti moja kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45. Kwa hivyo fundi akikuambia amekuficha kwa kubadilisha poti 80 kuwa 8899, mshukuru kwa bidii lakini usilale fofofo.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera, rekoda za CCTV na ruta nyingi kwa kujaribu orodha ya nywila za kiwandani, sitini na kitu tu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na watu wengi wakashindwa kufikia Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Picha zao ziliendelea kuonekana vizuri kabisa.

Mafundi, hapa nazungumza nanyi. Kabla ya kugusa chochote, fungua ukurasa wa ruta utazame anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mteja wako anatumia anwani moja ya nje pamoja na wateja wengine wa kampuni. Hapo kuelekeza poti hakutafanya kazi hata ukikesha. Usimtoze pesa. Mwambie aombe anwani ya umma kwa kampuni yake, au atumie njia nyingine nitakayotaja.

Ikiwa anwani ni ya umma, ipe kamera anwani ya ndani isiyobadilika. Hili hupuuzwa sana. Stima ikipotea na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani upya, na ule mlango uliofungulia kamera ukajikuta unaelekea kwenye kompyuta ya mtoto. Kisha ingia sehemu ambayo ruta huiandika Port Forwarding, au nyingine Virtual Server, ufungue poti moja tu kwa kifaa kimoja tu. Ikiwa ruta inakuruhusu kutaja anwani ya anayetoka nje, na mwenye duka hutazama kutoka ofisi yenye anwani isiyobadilika, iandike hiyo na kila mwingine azuiwe. Ile sehemu ya DMZ muiache kabisa. Fundi wangu aliitumia kwa sababu ni haraka: ilifungua milango yote ya kifaa kile kwa mpigo mmoja.

Zimeni pia UPnP, ambayo huruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia mlango bila kumwambia mwenye nyumba. Zimeni uwezo wa kuingia kwenye ruta kutoka nje. Laini ikiwa na IPv6, hakikisheni kichujio cha miunganisho inayoingia kimewashwa, kwa kuwa huko kila kifaa huweza kuwa na anwani yake inayofikika moja kwa moja.

Kujaribu ni rahisi. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia bando, ujaribu kuingia. Ukijaribu ukiwa ndani ya nyumba unaweza kudanganyika.

Nyumbani kwa mama sasa hakuna mlango wa kamera uliofunguliwa. Tuliweka VPN ya WireGuard kwenye ruta. Simu yangu ina ufunguo wake, na asiye na ufunguo akibisha hapati jibu lolote. Si kila ruta inaiweza, na ilinibidi kununua nyingine. Gharama iliniuma.

Wenye maduka, kamera yako ikinasa sura za wateja, hizo ni data zao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde. Anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini naye ana kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, lakini kumpata aliye mbali ni kazi nyingine.

Nimekuja na ile ruta yangu ya zamani. Iko hapa mezani, mipangilio ya fundi haijaguswa. Sogeeni karibu tuifungue tuone.